Siku tano za kujifunza kutokukimbia: tathmini ya mafunzo ya dharura za gesi ya sumu jijini Dar es Salaam

Kiwanda ninachofanyia kazi kiko kando ya Barabara ya Nyerere, na shughuli yake ni kugandisha samaki na kutengeneza barafu inayopelekwa soko la samaki la Feri na kwenye mabucha ya samaki ya mjini. Mitambo yetu ya ubaridi hutumia amonia, na katika miaka tisa niliyokaa pale kama afisa usalama, simu ya zamu ya usiku haijawahi kuita bila moyo wangu kuruka. Mwezi Februari tulipeleka watu sita, nami nikiwa mmojawapo, katika mafunzo ya siku tano ya kuandaa vikosi vya kukabiliana na matukio ya gesi ya sumu, yanayotolewa na kampuni binafsi ya hapa jijini. Tangu hapo maafisa wenzangu wa viwanda vya jirani wameniuliza kama fedha ile ilistahili, na kwa kuwa jibu langu si la neno moja, nimeona niliandike kwa ukamilifu. Kampuni yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu kuna kasoro mbili kubwa nilizowaandikia, wakanijibu kwamba wanazirekebisha, na si uungwana kumwanika mtu ambaye ameshaanza kutengeneza.

Ada ilikuwa shilingi 780,000 kwa kila mshiriki kabla ya VAT, na ndani yake mlikuwa na chakula cha mchana, matumizi ya vifaa vyote na cheti. Siku mbili za kwanza tulikaa darasani Mikocheni, na siku tatu zilizobaki tulikuwa kwenye uwanja wa mazoezi njia ya Pugu. Tulikuwa watu kumi na wanane: sisi wa barafu, wanne kutoka mtambo wa kusafisha maji, watano wa kampuni inayohifadhi na kusafirisha makontena ya bandarini, wawili wa magari ya majitaka, na mmoja kutoka hoteli ya ufukweni ambaye alitumwa kwa sababu ya klorini ya bwawa la kuogelea. Mchanganyiko huo ulikuwa faida ambayo nadhani hata waandaaji wenyewe hawakuipangia.

Nianze na darasa, kwa kuwa ndiko kulikonikera zaidi. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, na sehemu kubwa zilionekana wazi kuwa zimechukuliwa nzima nzima kutoka katika mafunzo ya Marekani. Mkufunzi wa asubuhi ya kwanza alituambia mara tatu kwamba "OSHA inataka" mtu anayeingia kuziba uvujaji awe amefunzwa saa zisizopungua 24, na yule anayesaidia kwa mbali bila kuingia awe amefunzwa saa zisizopungua 8. Mmoja wa watu wa bandarini aliinua mkono akauliza kwa upole: OSHA ipi? Mkufunzi hakuelewa swali. Ukweli ni kwamba saa hizo ni za kanuni ya Marekani, ambako idara yao ya usalama kazini ina kifupi hicho hicho, ilhali OSHA yetu ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamia Sheria ya mwaka 2003. Kufuata viwango vya Marekani si kosa, na kwa ngazi za mafunzo ni viwango vizuri, lakini afisa usalama anayerudi kazini na kumwambia meneja wake kwamba "OSHA imesema" ataulizwa kifungu, naye hatakuwa nacho. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza niliyowaandikia.

Mambo yalibadilika mchana alipoingia mkufunzi wa pili, dada mmoja mkemia ambaye alizima projekta na kuandika ubaoni kwa Kiswahili. Alianza na swali ambalo nilidhani ninajua jibu lake: amonia ikivuja inapanda juu au inashuka chini? Sote wa barafu tulijibu kwa pamoja kwamba inapanda, maana ni nyepesi kuliko hewa, na hivyo ndivyo tulivyofundishana miaka yote. Akatikisa kichwa. Amonia iliyo katika hali ya gesi na joto la kawaida hupanda kweli, alisema, lakini ile inayotoka kwenye bomba lenu ni kimiminika kilichobanwa, ambacho huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, na kinapotoka hurusha matone madogo madogo na kuipoza hewa inayokizunguka hata wingu zima likawa zito na kutambaa ardhini kama moshi wa asubuhi bondeni. Kwa hiyo mfanyakazi aliyefundishwa kuinama na kutambaa anaweza kuwa anatambaa ndani ya sumu yenyewe.

Mfano aliotoa ni wa Dakar, tarehe 24 Machi 1992, ambako tangi la amonia lililojazwa kupita kiasi lilipasuka katika kiwanda cha kusindika karanga, wakafa watu 129 na zaidi ya elfu moja wakajeruhiwa. Wengi tuliokuwa darasani hatukuwahi kusikia habari hiyo. Tulikuwa tumezoea kutajiwa ajali ya gesi ya Bhopal, India, ya Desemba 1984, ambayo ni kubwa zaidi lakini inahusu kemikali ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeitumia, ilhali hii ya Dakar ilitokea barani kwetu, kwa gesi yetu, katika kiwanda cha chakula kilichozungukwa na watu wanaoendelea na shughuli zao kama kinavyozungukwa cha kwetu. Watu wa bandarini nao walipata sehemu yao: Aqaba, Jordan, tarehe 27 Juni 2022, pale waya wa winchi ulipokatika na tangi la klorini likaanguka juu ya meli, wingu la njano likatanda gatini na watu 13 wakapoteza maisha. Mzigo ule ulikuwa unakwenda Djibouti. Dada yule hakuongeza neno, na mmoja wa wale jamaa watano alifunga daftari lake akabaki anaangalia dirishani.

Kipindi cha vipima gesi kiliniumbua mimi binafsi. Kwa miaka minne tumekuwa na kipima gesi cha mkononi, kile cha njano chenye gesi nne, na kwa muda wote huo kimekuwa kikining'inia kwenye msumari ndani ya chumba cha kompresa, nami nikikiangalia kwa amani ya moyo. Mkufunzi alituuliza gesi nne hizo ni zipi: oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Amonia haimo. Klorini haimo. Kifaa kile kimeundwa kwa ajili ya mashimo na matangi, na ndani ya chumba changu cha kompresa kingeweza kukaa kimya watu wakianguka chini yake. Niliporudi kazini jambo la kwanza nililofanya ni kukitoa kwenye msumari ule, na la pili ni kuagiza chenye kihisi cha amonia. Kwa somo hilo pekee sehemu kubwa ya ada yetu ilikuwa imeshalipika.

Lakini ni katika kipindi hicho hicho ndipo nilipoiona kasoro ya pili. Kipima gesi hakiaminiki mpaka kijaribiwe kabla ya kazi kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana, na mkufunzi alilisisitiza jambo hilo kwa maneno makali yaliyostahili. Kisha akachukua mtungi mdogo wa gesi ya majaribio ili atuonyeshe, nami nilipoushika nikaona tarehe iliyopigwa muhuri ubavuni: ulikuwa umekwisha muda wake miezi saba iliyopita. Gesi ya majaribio iliyokwisha muda inaweza kuwa imepungua nguvu, na kifaa kilichorekebishwa kwa kuifuata kitasoma uongo hadi siku ya tukio. Nilimwonyesha pembeni wakati wa chai. Aliona haya kweli, akasema mtungi mpya umekwama katika taratibu za kutoa mzigo, na pengine ni kweli. Hata hivyo mwalimu wa swala hasahau udhu, na kampuni inayotoza fedha kwa kufundisha uangalifu haina ruhusa ya kukwama hapo.

Siku ya tatu tulihamia Pugu, na kuanzia hapo lawama zangu zinapungua sana. Uwanja wenyewe si wa kifahari. Ni kiwanja chenye ukuta wa matofali, makontena mawili yaliyounganishwa na kugeuzwa chumba cha mitambo, mabomba yenye valvu halisi, shimo la zege lenye mfuniko linaloigiza karo la majitaka, na mlingoti uliofungwa kipande cha khanga nyekundu iliyochakaa. Mkufunzi mkuu wa uwanjani ni mstaafu wa Zimamoto, mtu mzima mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, ambaye sote tulimwita Afande na yeye akatuita wanangu. Kila tulipokusanyika, kabla ya salamu na kabla ya kuhesabiwa, alitaka kila mtu aangalie khanga ile na kunyoosha mkono kuelekea upepo unakotoka. Ukikosea unarudi getini na kuingia upya. Siku ya kwanza nilirudi mara mbili.

Zoezi la kwanza halikuwa na maelezo yoyote. King'ora kililia, moshi mweupe usio na madhara ukaanza kutoka kwenye kontena, na mlangoni tukaona sanamu la magunia lenye uzito wa mtu, limevishwa ovaroli na kulazwa kifudifudi. Kijana wetu mmoja wa matengenezo, hodari na mwenye roho nzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alitoka mbio akafika pale ndani ya sekunde chache na kuanza kulivuta. Afande akamfuata taratibu akiwa amevaa barakoa yake, akamgusa bega, akamwambia, "Mwanangu, umeshakufa. Lala hapo hapo pembeni ya mwenzako." Wakati kijana analala, mwingine alishakimbilia kumsaidia, kisha na mwingine. Dakika nne baada ya king'ora tulikuwa na sanamu moja na maiti watatu, na hakuna aliyekuwa amepiga simu ya Zimamoto, 114.

Hapo ndipo Afande alipotukalisha kivulini na kuzungumza kwa muda mrefu kuliko siku zote tano. Alitutajia utafiti wa taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, uliotolewa miaka ya 1980, ulioonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mashimo, matangi na vyumba vilivyofungika walikuwa watu walioingia kuwaokoa wengine. Kisha akaja nyumbani. Alisema kwetu mtu akipiga yowe jirani hatafuti viatu, na kwamba tabia hiyo ndiyo iliyotulea sote, lakini gesi haina habari na wema wa mtu. Alitukumbusha Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakalisogelea badala ya kulikimbia, wakafa zaidi ya mia moja. Aliyasema hayo bila kuwakejeli waliofariki, na nadhani ndiyo maana tulimsikiliza. Kwake yeye, kazi ngumu kuliko zote katika fani hii ni kusimama getini unamwona mwenzako amelala, ukahesabu, ukavaa, ukakaguliwa, ndipo ukaingia; na siku tatu zote za uwanjani, nikiziangalia sasa, zilikuwa ni mazoezi ya kusimama huko.

Mitungi ya hewa tuliyopewa ilikuwa ya lita 6.8 inayojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na jambo la kwanza alilotusahihisha ni kuiita mitungi ya oksijeni: ndani yake mna hewa ya kawaida iliyobanwa, na anayetaka oksijeni aende wodini. Tulifanya hesabu kwa chaki sakafuni. Lita 6.8 mara 300 ni lita 2,040 za hewa. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutumia lita 40 kwa dakika. Kwa hiyo una dakika 51, lakini mluzi wa tahadhari hulia ikibaki baa 55 hivi, na ukilia unatakiwa uwe umeshaanza kutoka, kwa hiyo unabaki na dakika 41. Hesabu hiyo ilitufurahisha. Alasiri nilivaa mtungi uliokuwa na baa 280, nikaingia na mwenzangu kulitoa sanamu lile na kufunga valvu mbili, na mluzi ulilia dakika ya 22. Nilikuwa nimevuta karibu lita 70 kwa dakika, kwa woga na joto tu, maana kazi yenyewe haikuwa nzito kiasi hicho. Hesabu ya chaki ningeisahau kufika Ijumaa, lakini mluzi ule unaolia sikioni ukiwa bado hujauona mlango sidhani kama nitausahau.

Joto linastahili kutajwa peke yake. Suti ya kemikali inayofunika mwili mzima pamoja na mtungi haina pa kutolea jasho, na Februari ya Dar es Salaam kila mtu anaijua. Afande alikuwa na muuguzi aliyetupima mapigo ya moyo na presha kabla ya kuvaa na baada ya kuvua, na wawili walizuiwa kuingia siku ya Alhamisi, jambo lililowaudhi lakini lililofanywa kwa haki. Dada mkemia aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: amonia hutafuta unyevu, ndiyo maana huunguza macho na koo kwanza, na mtu aliyelowa jasho huungua kwapani na kwenye mapaja hata mahali ambapo ngozi kavu ingevumilia. Wafanyakazi wetu wa kompresa wamelowa jasho kutoka saa mbili asubuhi.

Suala la ndevu nililisubiri kwa wasiwasi, kwa kuwa katika kundi letu mlikuwa na mzee mmoja wa mtambo wa maji, tunayemwita Ustadhi, mwenye ndevu anazozitunza kwa imani yake. Barakoa ya uso mzima haishiki juu ya ndevu. Hewa ya nje hupenya pembeni, na mahali penye gesi ya kuua hilo halina mjadala. Nimewahi kuona jambo kama hili likifanywa vibaya sana mbele za watu. Hapa Afande alimwita kando, wakazungumza kwa dakika kumi hivi, na waliporudi Ustadhi akatangazwa kuwa msimamizi wa eneo la kuoshea, ambako mtu hahitaji kuingia kwenye gesi na ambako ndiko kunakohitaji mtu mtulivu kuliko wote. Alilisimamia eneo lile kwa ukali wa kupendeza hadi mwisho.

Eneo hilo la kuoshea, kwa kweli, ndilo lililonifundisha zaidi kuhusu kiwanda changu. Aliyeguswa na kemikali huvuliwa nguo za nje haraka na kumwagiwa maji mengi, na macho huoshwa kwa dakika zisizopungua 15. Siku ya kwanza walikuwa na turubai chini, beseni kubwa na bomba, basi. Mama mmoja msimamizi wa uzalishaji kutoka kwetu alitazama mpangilio ule, akauliza: "Afande, kule kwetu wanaochuna na kupanga samaki wengi ni wanawake. Hapa nani atakubali kuvuliwa?" Hapakuwa na jibu. Kesho yake asubuhi tulikuta turubai mbili zimetundikwa pande mbili kama bafu la uwani, na pembeni yake rundo la khanga na vitenge vya kujifunga baada ya kuoshwa. Walitumia usiku mmoja kurekebisha jambo ambalo kitabu chao cha Marekani hakikulitaja, na kwa hilo nawapa heshima.

Wenzetu wa majitaka walikuwa na zoezi lao la shimo, nami nilikwenda kulitazama. Mmoja wao alieleza kwa kujiamini kwamba wao hutegemea pua: harufu ya mayai viza ikiwa kali husubiri, na harufu ikikatika huingia. Dada mkemia alinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwani alichokieleza ndicho kinachoua. Haidrojeni salfaidi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huipooza pua ndani ya dakika chache, kwa hiyo harufu kukatika huweza kumaanisha kwamba gesi imezidi, wala si kwamba imeondoka. Yule bwana alikaa chini kwenye ukingo wa shimo. Amekuwa akifanya kazi hiyo miaka kumi na moja.

Upande wa klorini mafunzo yalipwaya. Walifundisha vizuri kanuni za msingi: kwamba ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa na hushuka mabondeni kama maji, kwamba kitambaa kilicholoweshwa amonia hutoa moshi mweupe kikisogezwa penye uvujaji, kwamba mtungi unaovuja kimiminika ugeuzwe tundu litazame juu ili itoke gesi peke yake, na kwamba usimwagie maji tundu linalovuja, maana mchanganyiko wake hula chuma na tundu hupanuka. Lakini vifaa vyenyewe vya kuziba mitungi, ambavyo hutengenezwa kwa seti tofauti za mitungi midogo na ya ile mikubwa ya tani moja, tulivionyeshwa kwenye picha tu. Watu wanne wa mtambo wa maji walilipa ada ile ile tuliyolipa sisi, na kwa maoni yangu walistahili kupunguziwa au kuambiwa mapema. Kipindi cha huduma ya kwanza nacho kilikuwa kifupi mno, saa moja tu, ingawa walau kilitaja jambo la lazima: aliyevuta gesi hizi anaweza kuonekana mzima kisha mapafu yakaanza kujaa maji baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asiruhusiwe kupanda daladala kurudi kwake.

Zoezi la mwisho, Ijumaa, lilikuwa la saa nzima, tukiwa na kamanda wa tukio, waandishi wa kumbukumbu, watu wa redio koli na timu mbili za kuingia. Jumatano tulipolifanya kwa utaratibu kwa mara ya kwanza tulitumia dakika 31 kutoka king'ora hadi timu ya kwanza kuvuka mstari. Ijumaa tulitumia 17, na hakuna aliyekufa. Kijana wetu aliyelazwa chini siku ya kwanza ndiye aliyekuwa kamanda. Nilimwona akimzuia mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna pengo moja ambalo siliweki miongoni mwa kasoro zao mbili kwa sababu sidhani kama wameliona: mafunzo yanaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Nje ya ukuta wetu kuna mama lishe watatu, kijiwe cha bodaboda, gereji, na nyumba za kupanga zilizobanana. Slaidi zao zinasema jirani aambiwe ama ahame ama ajifungie ndani, afunge madirisha na kuzima viyoyozi. Nyumba ninazozizungumzia zina madirisha ya nyavu, matofali ya matundu juu ya milango na mwanya wa kupitisha mkono kati ya ukuta na bati. Kujifungia ndani ya nyumba ya namna hiyo ni kukaa ndani ya gesi kwenye kivuli. Tena mtu wa kwanza kuonana na jirani hao atakuwa mlinzi wa getini, wala si yule mwenye suti, na katika wanafunzi kumi na wanane hapakuwa na mlinzi hata mmoja.

Niliporudi kiwandani nilifanya zoezi la Afande: nilisimama uani, nikatazama upepo. Sehemu yetu ya kukusanyikia, yenye bango zuri la kijani, iko kwenye kona ya kusini magharibi. Wakati wa kusi, upepo unapotoka pande za kusini, mahali pale ni salama kabisa. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na kaskazi ingelichukua wingu la amonia kutoka chumba cha kompresa na kulipeleka moja kwa moja chini ya lile bango, ambapo tungekuwa tumepangana kwa mistari tukiitwa majina. Bango lile limekaguliwa kila mwaka, nami mwenyewe nimelitia sahihi. Sasa tuna sehemu mbili za kukusanyikia, na mlinzi ndiye anayetangaza ipi itumike, akiangalia kipande cha kitenge tulichofunga juu ya tangi la maji.

Kwa anayeuliza kama apeleke watu wake: kama unatumia amonia au una mashimo na matangi, peleka, na umwombe Afande awe nao siku zote tatu za uwanjani, kwa maana nimesikia kwamba makundi mengine hupewa msaidizi. Kama shida yako ni klorini, dai kwanza uonyeshwe vifaa vya kuzibia kwa macho yako kabla ya kulipa. Kwa vyovyote vile, omba kuona tarehe iliyo kwenye mtungi wa gesi ya majaribio. Hawatakasirika, wameshazoea sasa. Kundi letu la pili limewekewa nafasi mwezi wa nane, na nimeomba walinzi wawili waingizwe kwenye orodha kwa nusu ada, siku za uwanjani tu. Kampuni imekubali walinzi, ila kuhusu nusu ada bado tunavutana.